Toleo Namba Moja, Tena

Nyumbani kwa mama yangu, Tanga, lipo sanduku la bati nililokwenda nalo shule ya bweni. Ndani yake, chini ya madaftari na shati la sare ambalo sasa halimtoshi hata mwanangu, kimelala kitabu cha katuni kisicho na jalada. Nilipewa na mjomba wangu, baharia, mwaka 1990, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. "Haya, mpwa wangu, jifunze Kiingereza," alisema, akaendelea kunywa chai yake. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuhesabu na kusalimia tu. Nikakisoma kitabu kwa macho kwanza, picha baada ya picha, kisha nikarudi mwanzo nikiwa na kamusi ya baba, neno kwa neno, likizo nzima.

Katika kurasa za mwanzo, mzee mwenye kipara aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anazunguka dunia akikusanya watu wenye nguvu za ajabu. Anakwenda Ujerumani, Kanada, Japani na Siberia. Katika safari hiyo hadithi inatua pia mahali palipoandikwa Kenya. Anatokea mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe, ambaye wanakijiji wanamwabudu kama mungu, naye anawaitia mvua. Jina lake Ororo. Nilimwonyesha mama. Akaitazama ile picha kwa makini, akasema, "Huyo ni jini. Weka mbali na msala wangu."

Kwa mtoto wa Tanga, Kenya si nchi ya hadithini. Kenya ni mpaka wa Horohoro, ni mabasi ya Mombasa, ni ndugu wanaokuja harusini na kurudi kesho yake. Kwa hiyo nilifurahi na kushangaa kwa pamoja. Nilifurahi kwamba shujaa mmoja ametoka jirani. Nilishangaa kwamba hapo jirani palipochorwa hapakuwa na mtu hata mmoja niliyeweza kumfananisha na wale ninaowajua. Hapakuwa na shule, wala duka, wala mtu aliyesema hata neno moja la Kiswahili.

Sikujua kwamba kitabu kile kilikuwa uzinduzi mpya wa kitu cha zamani. Nimelifikiria jambo hilo upya mwezi uliopita, baada ya mwanafunzi mmoja kuniuliza swali katika semina yetu ya utawala wa umma. "Dokta," alisema, "kwa nini kila kiongozi mpya akiingia ofisini anaanza moja? Jina jipya la mradi, nembo mpya, kaulimbiu mpya, na sisi wa chini tunaambiwa tusahau ya jana." Nilimjibu kwa nadharia, kama tufanyavyo wahadhiri tunapobanwa. Nilirudi nyumbani bila kuridhika na jibu langu mwenyewe. Leo nataka kumjibu kwa njia nyingine, kupitia kile kitabu cha sandukuni, kwa sababu sijui biashara iliyolijaribu suala hili la kuanza upya mara nyingi na kwa uwazi kuliko biashara ya katuni za mashujaa nchini Marekani.

Tuanze na historia yenyewe. Kundi la X-Men lilibuniwa mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby katika kampuni ya Marvel. Halikufanya vizuri sana sokoni. Mwaka 1970, baada ya toleo la 66, kampuni iliacha kuandika hadithi mpya za kundi hilo. Lakini jarida halikufungwa. Tangu toleo la 67 hadi la 93, kwa zaidi ya miaka minne, lilichapisha tena hadithi za zamani. Jina lilikuwapo, namba ziliongezeka na jarida lilipatikana dukani kama kawaida, ila hakuna kilichokuwa kikitokea ndani yake. Wanafunzi wangu wanaofanya kazi serikalini hucheka ninapowasimulia habari hii. Wanazijua ofisi za namna hiyo, ambazo kila mwaka hutoa taarifa ileile zikibadilisha tarehe.

Mwaka 1975 ndipo mabadiliko yalipokuja. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walitoa kitabu maalumu chenye kundi jipya la mashujaa, karibu wote wakiwa wageni kwa msomaji: Ororo wa Kenya aitwaye Storm, Nightcrawler wa Ujerumani, Colossus wa Siberia, Thunderbird wa kabila la Apache, pamoja na wengine waliowahi kupita katika hadithi nyingine, kama Wolverine wa Kanada. Roy Thomas, aliyekuwa mhariri, amesimulia kwamba wazo la kundi la kimataifa lilikuwa na lengo la kibiashara, yaani kupata wasomaji katika nchi za nje. Sina ugomvi na hilo. Mambo mengi mazuri yameanzia kwenye hesabu za mauzo. Baada ya kitabu hicho, uandishi ulikabidhiwa kwa kijana wa miaka 24 aitwaye Chris Claremont.

Naomba msomaji aangalie walichofanya na namba. Jarida lililofuata halikuitwa toleo la kwanza. Liliitwa toleo la 94. Walikuwa wamebadilisha karibu kila kitu: mwandishi, mchoraji, wahusika, hata mwelekeo wa hadithi. Wangeweza kabisa kudai kwamba hiki ni kitu kipya kisicho na uhusiano na kile kilichoshindwa. Badala yake waliendelea kuhesabu pale walipoishia wenzao, wakiyabeba hata yale matoleo 27 ya marudio.

Jambo la pili walilofanya ni kuwapa watu wapya muda. Mwanzoni jarida lilitoka kila baada ya miezi miwili, maana hakuna aliyekuwa na uhakika nalo. Claremont akabaki. Wachoraji walibadilika, Cockrum akafuatiwa na John Byrne, na wengine wakafuata, lakini mwandishi alikaa na wahusika hao kwa miaka 16. Jarida lililokuwa linafifia likawa nguzo ya kampuni.

Ni katika muda huo mrefu ndipo Ororo alipopata kuwa mtu. Yule mwanamke wa mwaka 1975, anayeabudiwa na kuita mvua, alikuwa picha nyembamba sana. Wakati ule Kenya ilikuwa jamhuri yenye miaka zaidi ya kumi, ina bunge, chuo kikuu, magazeti na vyama vya ushirika. Hayo hayakuonekana. Lakini waandishi waliofuata hawakuificha picha ile, waliijibu. Kwanza walimpa historia: mama yake Mkenya, baba yake mpigapicha Mmarekani mweusi, utoto wake Cairo, na kifusi kilichomfunika akiwa mtoto pamoja na mwili wa mama yake, ndiyo maana anaogopa mahali pafinyu. Mwaka 1984 walimnyang'anya nguvu zake. Mwaka 1985, wakati magazeti ya dunia yote yakiwa yamejaa habari za njaa ya Ethiopia, Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith walimrudisha Afrika, akiwa hana nguvu hizo, katika kijiji kinachoteswa na ukame.

Fikiri juu ya jambo hilo. Mwanamke yuleyule, aliyeletwa kwa msomaji miaka kumi kabla akiwaitia watu mvua kwa mkono mmoja, sasa anasimama mbele ya watu wenye kiu na hawezi kitu. Analoweza ni kumsaidia mama anayejifungua, kwa mikono yake, kama mkunga yeyote. Mwaka 1986 akashindana na kiongozi wa zamani wa kundi kwa ajili ya uongozi, akashinda bila nguvu zozote. Hadithi hiyo ya ukame ina uzito kwa sababu mvua ya mwaka 1975 haikufutwa. Aliyeisoma ile ya kwanza anaielewa ya pili kwa uchungu zaidi. Kama kampuni ingekuwa imeanza moja katikati, tungekuwa na mwanamke fulani katika kijiji fulani, basi.

Mwaka 1991 Marvel ilizindua jarida jingine la X-Men, safari hii likiwa na namba 1 juu ya jalada, likiandikwa na Claremont na kuchorwa na Jim Lee. Lilitolewa likiwa na majalada matano tofauti. Nakala zaidi ya milioni 8 ziliuzwa, na toleo hilo likaingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Lakini nakala milioni 8 si wasomaji milioni 8. Nakala hizo ziliuzwa kwa wenye maduka, na mnunuzi mmoja alishawishiwa kununua jalada zaidi ya moja na kuziweka kabatini akiamini zitapanda thamani. Baada ya matoleo matatu tu, Claremont aliondoka. Aliyelifufua jarida kwa miaka 16 hakuweza kudumu hata miezi minne katika uzinduzi wake mkubwa kuliko wote. Mwaka uliofuata Jim Lee na wachoraji wenzake mashuhuri waliondoka pia, wakaanzisha kampuni yao, Image. Soko la makusanyo likaporomoka, na Desemba 1996 Marvel iliingia katika ufilisi mahakamani.

Sisemi kwamba namba 1 ndiyo iliyoifilisi Marvel. Sababu zilikuwa nyingi, na madeni ya wamiliki yalikuwa na nafasi kubwa. Ninachosema ni kwamba kampuni ilijifunza somo lisilo sahihi. Iliona uzinduzi unauzika, ikaanza kuuza uzinduzi wenyewe. Tangu hapo, katika kampuni zote mbili kubwa, namba 1 imekuwa kama rangi mpya ya ukuta.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa na washindani wao, DC, Septemba 2011. Walisitisha majarida yao yote ya mashujaa, wakaanzisha majarida 52 kwa mwezi mmoja, yote yakiwa na namba 1. Hata Action Comics, jarida lililomzaa Superman mwaka 1938, lilisimamishwa kwenye toleo la 904 na kuanza moja. Detective Comics, lililoanza mwaka 1937 na kumzaa Batman, lilisimamishwa kwenye toleo la 881. Mashujaa wengine waliruhusiwa kubaki na kumbukumbu zao, wengine wakafutiwa. Ndoa ya Superman na Lois Lane, iliyodumu tangu mwaka 1996, ikawa kama haijawahi kufungwa.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Barbara Gordon. Huyu alikuwa Batgirl wa zamani. Mwaka 1988, katika hadithi moja maarufu ya Batman, alipigwa risasi akapooza miguu. Ilikuwa hadithi ya kikatili, na yeye alitumika ndani yake kama chombo cha kuwaumiza wanaume wawili. Ila waandishi Kim Yale na John Ostrander walikataa kumwacha pale. Tangu mwaka 1989 walimjenga upya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mtaalamu wa kompyuta na taarifa, kwa jina la Oracle, ambaye mashujaa wengine wote wakawa wanamtegemea. Kwa zaidi ya miaka 20 wasomaji wenye ulemavu walikuwa na mtu wao mmoja katika dunia ile ya watu wanaoruka. Mwaka 2011, kwa uzinduzi mmoja, Barbara alisimama, akavaa vazi la Batgirl, na Oracle akatoweka. Gail Simone, mwandishi aliyepewa jarida hilo, alijitahidi kulibeba jeraha lile ndani ya hadithi mpya, na wengi waliipenda kazi yake. Hata hivyo wapo wasomaji walioona wamenyang'anywa kitu, na hakuna aliyewauliza kabla.

Mauzo yalipanda mwanzoni. Hilo lazima lisemwe. Kisha yakashuka. Mwaka 2016 DC ilizindua tena, na katika uzinduzi huo Action Comics lilirudi likiwa na namba 957, na Detective Comics likiwa na namba 934. Chukua kalamu upige hesabu: 904 ukiongeza 52 ni 956, na 881 ukiongeza 52 ni 933. Maana yake, hawakurudi tu kwenye hesabu ya zamani. Waliyaongeza pia matoleo 52 ya kipindi kile cha kuanza moja, wakayahesabu kuwa sehemu ya maisha ya jarida. Hawakurudia kosa la kufuta kwa kulifuta kosa lenyewe. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa kiutawala wenye busara kuliko mingi niliyowahi kuifundisha darasani.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina haki yake. Msomaji mpya akikuta toleo la 904 dukani anaogopa. Anahisi amechelewa sherehe, wenyewe wanacheka kwa mizaha asiyoijua. Taasisi kongwe zina tatizo hilohilo. Kijana anayeajiriwa leo hukuta kanuni, waraka na desturi ambazo hakuna anayeweza kumweleza zilitoka wapi, na wakati mwingine neno "uzoefu" hutumika kumnyamazisha. Lazima pawe na mlango wa kuingilia.

Lakini ninyi mnaonisoma mnajua sasa mimi niliingilia mlango gani. Kitabu cha mjomba hakikuwa cha mwaka 1975. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu ughaibuni, nilikiona tena katika duka la vitabu vya mitumba, safari hii kikiwa na jalada lake, nikagundua kwamba kilichapwa mwaka 1986. Mwaka huo Marvel ilianzisha jarida la kurudia hadithi zilezile tangu ule uzinduzi, likiongezewa kurasa mpya hapa na pale, kwa ajili ya waliokuwa wamechelewa. Jarida kuu liliendelea na namba zake kubwa, na pembeni yake mlango ukafunguliwa kwa wageni. Ndivyo mtoto wa Tanga asiyejua Kiingereza alivyoingia katika hadithi iliyokuwa imeanza kabla hajazaliwa. Hakuna aliyelazimika kufuta kitu ili mimi nipate nafasi.

Nimefika mahali ambapo ingekuwa rahisi kuwageukia mawaziri na wakurugenzi na kuwanyoshea kidole. Kabla sijafanya hivyo, nina deni la kulipa.

Mwaka 2016, mwaka uleule DC walipokuwa wanarudi kwenye namba zao za kale, nilikabidhiwa somo la serikali za mitaa. Lilikuwa limefundishwa kwa miaka mingi na mzee wetu mmoja aliyekuwa amestaafu. Nilikuwa nimerudi na shahada ya uzamivu, nina ari, nina vitabu vipya. Niliambiwa nilihuishe somo. Nikabadilisha jina lake, nikabadilisha namba yake katika mtaala, nikafuta orodha yote ya usomaji na kuweka yangu. Kilele cha somo la zamani kilikuwa ripoti za uwandani. Kila mwaka mzee aliwapeleka wanafunzi vijijini wiki mbili, wakaandika nani anaongoza kamati ya maji, michango inakusanywaje, pampu iliharibika lini na kwa nini haikutengenezwa. Niliona ripoti zile hazina nadharia. Rundo la ripoti za miaka 16 lilikuwa limejaza kabati mbili ofisini. Nilihitaji nafasi. Nikatia saini karatasi ya kuziondoa.

Miezi michache baadaye nilinunua karanga nje ya lango la chuo. Nilipomaliza kula nikakunjua karatasi, kama kawaida ya msomaji asiyeweza kuacha maandishi yapite. Ilikuwa ukurasa wa ripoti ya uwandani. Mwanafunzi alikuwa ameandika majina ya wajumbe wa kamati ya maji ya kijiji fulani, wote wanaume. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na mwandiko wa mzee: "Umewauliza wanaochota?"

Nilisimama pale na ile karatasi yenye chumvi mkononi. Swali lile lilikuwa bora kuliko lolote nililokuwa nimeliweka katika mtaala wangu mpya. Na mtu anayetaka kujua leo kwa nini pampu za vijiji vile zilikufa, na ziliponyamaza nani alibeba ndoo, angekuwa na ushahidi wa miaka 16 mfululizo. Kwa sababu yangu, hana. Nilikuwa nimefanya kile anacholalamikia mwanafunzi wangu. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa mwanasiasa, na sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na toleo langu namba moja.

Wafuta kumbukumbu wengi hawana nia mbaya. Wamepewa kazi, wanataka ionekane, na njia ya haraka ya kuonekana ni kumwondoa aliyekuwapo. Mfumo unawatuza kwa hilo. Mhariri hutuzwa kwa mauzo ya mwezi wa kwanza, na kiongozi hutuzwa kwa siku ya kukata utepe. Mwezi wa arobaini hauna wapigapicha.

Kuna jambo jingine ambalo katuni zimenifundisha, nalo ni la haki. Unapofuta hesabu ya zamani unafuta pia majina ya walioifanya kazi. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Ilipofika mwaka 1975, mwaka uleule wa uzinduzi wa X-Men, walikuwa wazee wenye dhiki, na ni baada ya kelele za umma ndipo kampuni mama ya DC ilipokubali kuwapa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye hadithi za shujaa waliyembuni. Dave Cockrum, aliyemchora Ororo kwa mara ya kwanza, alipougua sana mwaka 2004, wachoraji wenzake walichangishana kwa ajili yake, ndipo kampuni nayo ikafikia makubaliano naye. Alifariki mwaka 2006. Shujaa huzinduliwa upya mara kumi, na aliyembuni hukumbukwa kwa mchango wa wenzake. Sihitaji kwenda mbali kueleza. Kila mtumishi wa umma anayenisoma anamjua ofisa aliyeandika mradi kwa usiku na mchana, kisha mradi ukabadilishwa jina, na jina lake likaondoka pamoja na lile la kwanza.

Basi mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Sitakuambia upinge kila jambo jipya. Jarida la X-Men la mwaka 1970 hadi 1975 lilihitaji damu mpya, na waliolipenda jinsi lilivyokuwa wangeliua kwa mapenzi yao. Ila siku utakapokuwa wewe ndiye mkuu wa idara, uletewe karatasi ya uzinduzi, usiangalie nembo. Angalia kama hao watu wapya wamepewa mamlaka ya kweli na muda wa kutosha kukosea na kujisahihisha. Kisha uliza yako wapi mafaili ya waliotangulia, na nani ameyasoma. Kama hakuna aliyeyasoma, usitie saini. Mimi nilitia.

Ilinichukua miaka miwili kwenda kwa yule mzee. Nilimkuta barazani kwake, anapepeta mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa. Nilipomweleza habari ya karanga alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikajutia kuja. Kisha akaniuliza, "Ilikuwa ripoti ya mwaka gani?" Nikamwambia sijui, ukurasa haukuwa na tarehe. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa salfeti. Alikuwa amebaki na nakala za ripoti 11, zile alizozipenda. "Hizi sikuzileta ofisini," alisema. "Nilijua atakuja mtu."

Somo langu sasa limerudishiwa jina lake la zamani, na wiki mbili za uwandani zimerudi. Katika muhula huu wanafunzi wanaanza kwa kusoma zile ripoti 11 kabla hawajagusa kitabu changu chochote, kisha wanakwenda katika vijiji vilevile. Ripoti watakayoiandika mwaka huu haitaitwa ya kwanza. Hatujui idadi kamili ya zile nilizozitupa, kwa hiyo tumekubaliana kuipa namba 12, na chini ya namba hiyo kuandika sentensi moja inayoeleza kwamba nyingine zilikuwapo, na ni nani aliyeziondoa.